Degedege na Homa ya Kawaida: Nafasi ya Insia na Sayansi za Jamii katika Utafiti wa Afya

Katika vyuo vikuu vyetu, mwanafunzi wa udaktari na mwanafunzi wa Kiswahili hukutana kwenye foleni ya chakula, aghalabu bila ya kuwa na la kuambiana. Mmoja ametoka kukariri majina ya mifupa, mwingine ametoka kubishania mofimu. Imekuwa kana kwamba mwili ni mali ya kitivo kimoja na maneno ni mali ya kitivo kingine. Hata hivyo, mgonjwa hafiki hospitalini akiwa mwili mtupu. Hufika na maneno: jina alilolipa ugonjwa wake, kisa cha namna ulivyoanza, shauri la shangazi aliyemtazama jana, na hofu ambayo pengine hataitamka mbele ya daktari. Maneno hayo ndiyo yaliyoamua siku ya kufika kwake. Huenda ndiyo yakaamua pia kama dawa atakayopewa itamezwa ama itaishia chini ya godoro.

Makala haya yanakusudia kueleza uchunguzi wa afya na tiba unaotumia mbinu za insia na sayansi za jamii, yaani anthropolojia, historia, isimu, fasihi na nyinginezo. Uwanja wenyewe ni mpana, na orodha ya matawi yake ingemchosha msomaji bila ya kumfaa. Kwa hiyo makala yatalishika neno moja la Kiswahili, degedege, na kulifuata kutoka nyumbani hadi zahanati, na kutoka zahanati hadi dukani. Neno hili limechaguliwa kwa sababu linahusu uhai wa watoto, na pia kwa sababu limechunguzwa kwa kina na madaktari na wanaanthropolojia ilhali wanafunzi wa Kiswahili, ambao ndio wenye lugha, wamelipita kando.

Maradhi na kuugua

Arthur Kleinman, daktari wa akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, ndiye aliyeueneza zaidi upambanuzi ambao leo ni alifu ya taaluma hii. Alitenga mambo mawili: hitilafu ya mwili ambayo daktari huitafuta kwa hadubini na vipimo, na tajriba ya mtu aliyepatwa na hitilafu hiyo, pamoja na jinsi yeye na jamaa zake wanavyoieleza. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, yeye na wenzake wamewahimiza madaktari wawaulize wagonjwa maswali yasiyokuwemo katika fomu za hospitali. Ugonjwa huu unauitaje? Unadhani umesababishwa na nini? Ni kipi kinachokuhofisha zaidi?

Kiswahili kina hazina yake katika jambo hili, ingawa bado haijachotwa. Maradhi, ugonjwa, uwele na ndwele ni maneno ambayo yangeweza kugawiwa kazi za kiistilahi, na wanaleksikografia watajua namna ya kufanya hivyo. Lenye kufikirisha zaidi, hata hivyo, ni kitenzi kuugua. Kuugua ni kuwa mgonjwa. Kuugua vilevile ni kutoa sauti ya maumivu. Lugha imeiweka hali pamoja na sauti yake katika shina moja. Kitenzi hicho kikinyambuliwa hutupa kuuguza, na hapo mtendaji si mgonjwa tena bali ni yule aliye kando ya kitanda. Mtu husema 'nauguza' ilhali yeye mwenyewe hana hata mafua. Kabla ya kuwa mwajiriwa mwenye sare, muuguzi alikuwa mama, dada au jirani. John Janzen, aliyechunguza tiba miongoni mwa Wakongo wa sehemu za chini za mto Kongo, alichapisha mwaka 1978 kitabu kilichoonyesha kuwa uamuzi wa kwenda kwa mganga au hospitalini huwa haufanywi na mgonjwa peke yake. Hufanywa na kundi la jamaa wanaomsimamia. Msemaji wa Kiswahili hangehitaji kitabu kulijua hilo, kwa kuwa kitenzi chake kimeshalisema. Alichokikosa ni kukitendea kitenzi hicho haki ya kitaaluma.

Wanafunzi wa fasihi nao wana ushahidi mkongwe mikononi mwao. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utenzi wake yapata mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na akafariki miaka miwili hivi baadaye. Utenzi huo umefundishwa kwa miongo mingi kama wasia wa mama kwa bintiye juu ya dini na ndoa, na wahakiki wamebishana sana kuhusu nafasi ya mwanamke ndani yake. Ni nadra kusomwa kama kauli ya mtu anayeugua, ilhali ugonjwa ndio uliomfanya mtunzi aharakishe kuusia, na dua zake zinaomba afueni.

Ugonjwa wenye mbawa

Kimofolojia neno degedege halifichi mengi: ndege amekuzwa akawa dege, kisha dege likarudufiwa. Katika pwani ya Tanzania maelezo yaliyozoeleka ni kwamba ugonjwa huu huletwa na pepo anayejitokeza kwa umbo la ndege, ambaye kivuli chake humwangukia mtoto usiku wa mbalamwezi. Upande wa Kenya, nyuni, ambalo katika lahaja za kaskazini na katika ushairi wa kale ni ndege tu, hutumiwa na Wamijikenda wa Kilifi kuutaja ugonjwa wa namna hiyo hiyo. Mtoto hukakamaa, macho hupinduka, viungo hutukutika. Aliyewahi kuiona mikono midogo ikipigapiga bila ya mwenyewe kuiamuru haoni ajabu kwamba jamii mbili jirani zimeufikia ugonjwa huo kwa njia ya mbawa.

Kwa daktari, kutukutika kwa mtoto si ugonjwa bali ni dalili, na dalili hiyo ina wazazi wengi. Homa yoyote kali yaweza kuileta kwa mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano hivi, na mara nyingi hupita bila ya kuacha athari. Malaria ya kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum ikifika kwenye ubongo huleta mitukutiko inayofuatwa na kupoteza fahamu, na hapo saa chache hutenganisha uhai na mauti. Homa ya uti wa mgongo huileta pia, na kifafa vilevile. Kwa hiyo hata ndani ya tiba ya hospitali, sentensi 'degedege ni malaria', ambayo imetumiwa sana katika kampeni za afya, ni sentensi yenye upungufu. Inasema kweli kuhusu watoto wengi na inawasahau wengine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na mradi wa vyandarua vilivyotiwa dawa wilayani Bagamoyo. Watafiti wake, wakiongozwa katika upande wa sayansi ya jamii na Peter Winch, walifanya jambo ambalo leo laonekana jepesi: kabla ya kutunga ujumbe wa kuwaelimisha watu, waliuliza watu wenyewe huziitaje homa zao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Istilahi 'homa ya malaria' ilikuwepo na ilijulikana na wote. Lakini maana yake haikuwa ile ya daktari. Kwa wanakijiji wengi ilitaja homa inayokuja na kwenda, inayotibika kwa vidonge. Degedege halikuwemo ndani yake. Bandama, yaani kuvimba kwa wengu, nayo haikuwemo. Magonjwa hayo mazito, ambayo daktari huyahesabu kuwa sura kali za malaria, yalikuwa na asili nyingine, majina mengine na watabibu wengine.

Msomaji aliyepitia somo la semantiki atauona mtego mara moja. Ujumbe uliosema 'chandarua huzuia malaria' ulikuwa wa kweli kwa mtoaji na dhaifu kwa mpokeaji. Kwa masikio ya mpokeaji uliahidi kinga dhidi ya ugonjwa mwepesi. Ule aliouogopa usiku haukuutaja. Neno lilikuwa moja, kila upande ukiwa na uhakika kuwa unalielewa, na kwa sababu hiyo hasa hapakuwa na aliyeomba ufafanuzi. Kama pangetumiwa neno geni kabisa, angalau watu wangeuliza maana yake.

Kilifi nako kulionekana jambo linaloshabihiana na hilo. Mwanasayansi jamii wa Kenya, Halima Mwenesi, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 1995 uchunguzi wa namna akina mama wa huko walivyotibu malaria ya watoto. Akina mama walizifahamu homa vizuri na walizinunulia dawa madukani. Mtoto alipotukutika, waliona kuwa amefikwa na jambo jingine.

Sindano na mantiki yake

Kipengele kimoja cha tafiti hizi kimewakera wahudumu wa afya kuliko vyote. Bagamoyo na kwingineko watu wengi walishikilia kuwa mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Hapo ndipo kalamu nyingi hukimbilia maneno mawili yaliyozoeleka, 'imani potofu', kisha hupendekeza elimu itolewe kwa umma. Pendekezo hilo ni rahisi kuliandika na ni vigumu kulikosoa, na labda ndiyo sababu limedumu.

Na litazamwe wazo hilo kama hoja. Mtoto anapopatwa na degedege, hufukizwa na kuogeshwa kwa maji ya majani na bibi anayejua kazi hiyo. Akizidiwa hupelekwa hospitali, pengine mbali, pengine usiku. Huko katika miaka hiyo alidungwa kwinini, maana mtoto asiye na fahamu hawezi kumeza kidonge. Baadhi walikufa kwa kuwa malaria ilikuwa imekwisha kuuvamia ubongo. Waliobaki kijijini waliuona mfuatano ulivyokuwa: degedege, sindano, kifo. Hitimisho walilolifikia lina kasoro, lakini ni kasoro ya mtu aliyetazama na kukumbuka, na ni ile ile ambayo walimu wa takwimu huwaonya wanafunzi wao kila mwaka. Anayemwambia mama huyo kwamba anaamini uchawi hajamjibu. Mwenye kumjibu ni yule atakayemweleza kwa nini mtoto wa jirani alikufa baada ya sindano, na kwa nini wa kwake, akiletwa mapema, ana nafasi ya kupona.

Vinay Kamat, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi kwa miaka mingi viungani mwa Dar es Salaam, aliielekeza hoja hii mahali ambapo wengi hawakutazamia. Makala yake ya mwaka 2006, na baadaye kitabu chake cha mwaka 2013, yanaeleza visa vya akina mama ambao watoto wao walipatwa na malaria kali. Ucheleweshaji ulioumiza ulianza mapema, pale mama aliposema moyoni kuwa hii ni homa ya kawaida, akampa mtoto panadoli na kusubiri. Kwa maneno mengine, watafiti wengi walikuwa wamelitazama kwa makini neno lenye mbawa na pepo, na wakakipita kirai ambacho hakina ajabu yoyote: 'ya kawaida'.

Kirai hicho kinastahili kukaliwa. Homa ya kawaida si jina la ugonjwa. Ni hukumu, tena hukumu ya muda. Humaanisha kwamba bado haijafika mahali pa kugharimia nauli na kupoteza siku ya kibarua, wala pa kukaa kwenye benchi la zahanati ambayo huenda dawa zimeishia. Mtu mwenye gari na bima ya afya hukifikia kikomo cha 'kawaida' mapema. Asiye navyo hulazimika kukisogeza mbele. Ndiyo maana Kamat hawalaumu akina mama, wala haamini kuwa elimu peke yake ingewasaidia. Umaskini umejificha ndani ya sarufi, katika kile kihusishi 'a' cha 'ya kawaida', na mtafiti anayehesabu tu idadi ya waliojibu 'ndiyo' na 'la' katika hojaji hawezi kuuona.

Je, degedege litafsiriwe?

Swali hili limezua mjadala wenye manufaa kwa yeyote anayesoma tafsiri. Stacey Langwick, aliyefanya utafiti wake Newala kusini mwa Tanzania, alichapisha makala mwaka 2007 akidai kuwa kulingana na kulinganisha degedege na malaria si kubadilisha tu lebo moja kwa nyingine. Kila wakati muuguzi anaposema 'hilo mnaloliita degedege ni malaria', kuna jambo linalofanyika: mganga na dawa zake huondolewa katika uhalisi na kuhamishiwa katika 'imani', na ugonjwa wenyewe hupangwa upya. Tafsiri, kwa mtazamo huo, ni kitendo cha mamlaka.

Dai hilo lina uzito, na mwanafunzi aliyezoea kuhesabu visawe tu katika karatasi ya tafsiri atafaidika akilitafakari. Lakini lina mpaka wake. Mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria ya ubongo anahitaji dawa ya kuua vimelea, na anaihitaji sasa. Insia zikifika mahali pa kusema kwamba majina yote ya ugonjwa yana haki sawa, zitakuwa zimeupendeza ukumbi wa semina na kumwacha mtoto sakafuni. Msimamo unaofaa zaidi ni wa unyenyekevu kwa pande zote mbili: kukubali kuwa kimelea kipo, kiitwe kisiitwe, na kukubali pia kuwa njia ya kukifikia hupita katika jina ambalo mama amelitumia. Bibi anayemfukiza mtoto ana jambo ambalo daktari hana, nalo ni kwamba huitwa kwanza. Akiwa upande wa kumpeleka mtoto zahanati baada ya kufukiza, mengi yataokolewa. Akidharauliwa hadharani, atafukiza kwa siri na kwa muda mrefu zaidi.

Kaunta ya duka na mgogoro wa masaa

Matunda ya uchunguzi wa namna hii hayabaki vitabuni daima. Kwa kuwa ilikwisha kujulikana kuwa wazazi wa Kilifi hununua dawa ya homa dukani kwanza, watafiti wakiongozwa na Vicki Marsh waliacha kuwasihi waende zahanati tu, wakawafunza wenye maduka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Kabla ya mafunzo, homa za watoto zilizotibiwa kwa dozi kamili ya klorokwini zilikuwa chini ya asilimia 4. Baada ya mafunzo zilizidi asilimia 60. Klorokwini yenyewe ilikuwa imeanza kushindwa na vimelea sugu, na Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998. Somo kuhusu duka, hata hivyo, halikuchakaa pamoja na dawa hiyo.

Baadaye zilikuja dawa mseto zenye asili ya artemisinini, ambazo Kenya iliziingiza katika sera mwaka 2004. Ile inayotumika zaidi humezwa kwa dozi sita ndani ya siku tatu, na dozi ya pili hufuata saa nane baada ya ile ya kwanza. Hapa mwanaisimu anapaswa kusimama. 'Saa nane' katika Kiswahili Sanifu ni muda wa saa nane, na pia ni ule wakati wa alasiri ambapo jua limeanza kuinama. Mzazi aliyempa mtoto dozi ya kwanza saa nne asubuhi, akaambiwa 'mpe tena baada ya saa nane', ana njia mbili za kuelewa. Kwa njia ya kwanza atampa saa kumi na mbili jioni. Kwa njia ya pili atampa mara tu saa nane ya mchana ikipita, muda wa saa nne tu tangu dozi iliyotangulia. Zote mbili ni Kiswahili fasaha.

Wasemaji wa kawaida wamekwisha kuutatua utata huu bila ya kumngoja mtu: husema 'masaa manane' wanapotaja muda na 'saa nane' wanapotaja wakati. Walimu wa Kiswahili, kwa upande wao, hulikata neno 'masaa' kwa kalamu nyekundu kila wanapolikuta. Yamkini hili ni suala ambalo wapenda usanifu wangelichunguza upya, si kwa kulegeza kamba ya sarufi, bali kwa sababu kosa hilo linabeba tofauti ambayo usanifu umeiacha. Hadi hapo, maagizo ya dawa yangeweza kuandikwa kwa kutaja saa yenyewe: 'ukimpa saa nne asubuhi, mpe tena saa kumi na mbili jioni'. Sentensi hiyo ni ndefu kidogo, na haina mtego.

Damu na uvumi

Upo uwanja mwingine ambamo mwanafunzi wa fasihi simulizi angekuwa nyumbani. Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya imekuwa na kituo kikubwa kwa ushirikiano na wafadhili wa Uingereza tangu mwaka 1989, utafiti wa malaria huhitaji damu, na damu ina historia ndefu katika masimulizi ya Afrika Mashariki. Luise White, mwanahistoria, alikusanya katika kitabu cha mwaka 2000 simulizi za enzi za ukoloni kuhusu mumiani na wazimamoto waliosemekana kuwanyonya watu damu. Hakujaribu kuthibitisha kama yalitokea, wala hakuyacheka. Aliyasoma kama ushahidi wa namna watu walivyoielewa kazi, mishahara, magari na mamlaka ya wageni. Wenzel Geissler alifuata nyayo hizo magharibi mwa Kenya, na mwaka 2005 akachapisha makala kuhusu uvumi wa 'kachinja' uliozuka pale watafiti wa afya walipochukua damu za watoto wa shule.

Anayejua kuainisha visasili na visakale hatashangazwa na mbinu hiyo, kwani ndiyo anayoitumia darasani. Kilicho kipya ni mahali pa kuitumia. Uvumi kuwa damu inauzwa waweza kuwa swali halali lililovaa joho la ngano: nani anafaidika na damu hii, na sisi tunapata nini? Fomu ya ridhaa, hata ikitafsiriwa kwa Kiswahili safi, huwa haina nafasi ya kulijibu swali hilo. Zaidi ya hayo, maneno utafiti na matibabu hutamkwa na watu wale wale waliovaa makoti meupe yale yale, katika jengo lile lile. Si rahisi kwa mzazi kujua ni sindano ipi inayompa mwanawe dawa na ni ipi inayochukua sampuli kwa manufaa ya watoto wa kesho.

Sindano mpya

Mwaka 2019 Kenya, pamoja na Ghana na Malawi, ilianza kutoa chanjo ya kwanza ya malaria kwa watoto. Hapa Kenya ilizinduliwa katika Kaunti ya Homa Bay mwezi wa Septemba. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza itumike kwa mapana mwezi wa Oktoba 2021. Miongoni mwa maeneo kumi na moja ya Afrika ambako chanjo hiyo ilikuwa imejaribiwa kabla ya hapo, mawili yalikuwa Kilifi na Bagamoyo, ambako miaka ishirini hivi nyuma watu walikuwa wameulizwa huziitaje homa zao.

Chanjo hupunguza malaria, ikiwemo malaria kali, na faida yake imepimwa na kuonekana kuzidi madhara yake kwa mbali. Haimalizi malaria yote, na haizuii homa zenye asili nyingine. Mtoto aliyechanjwa anaweza kutukutika bado. Isitoshe, katika majaribio iliwahi kuonekana kwamba watoto wachache walipatwa na mitukutiko ya homa ndani ya siku saba baada ya kudungwa. Daktari huliona hilo kuwa tukio adimu linalotazamiwa na linaloweza kushughulikiwa. Bibi wa Bagamoyo, aliyesema tangu zamani kuwa sindano na degedege havipatani, huenda akaliona kuwa ni ushahidi.

Mhudumu wa zahanati sharti amwambie mama jambo fulani kabla hajaondoka na mtoto wake: kwamba homa inaweza kuja usiku, ampe dawa gani ya kuishusha, na akiona mtoto anakakamaa afanye nini. Katika sentensi hiyo ama atalitumia neno degedege ama atalikwepa. Akilitumia, mama atajua mara moja kinachozungumzwa, na huenda akaogopa kuileta dozi inayofuata. Akilikwepa na kusema 'madhara madogo ya chanjo', hataogopa, na usiku huo mtoto akitukutika hatakumbuka kuwa alikuwa ameonywa. Anayeweza kuisaidia sentensi hiyo iandikwe vizuri ameketi sasa hivi katika darasa la semantiki, na rafiki yake wa udaktari yuko mbele yake kwenye foleni ya chakula.